Mwongozo Kamili: Kuandaa Tuzo ya Uhuru ya Tawi Bila Kuigeuza Zawadi ya Marafiki

Matawi mengi ya kisiasa hutangaza tuzo ya kila mwaka kwa mtu aliyejitoa kwa ajili ya uhuru, na mengi hukwama pale pale. Mwaka wa kwanza anapewa mwanzilishi wa tawi. Mwaka wa pili, mwenyekiti. Mwaka wa tatu, mfadhili aliyelipia ukumbi. Mwaka wa nne hakuna anayeleta pendekezo, maana kila mwanachama anajua jina limeshapangwa, na tuzo inakufa kimyakimya.

Nimekaa katika kamati za namna hii, na swali ninaloletewa ni lile lile: tulikosea wapi? Karibu kila mara kosa lilifanyika miezi kadhaa kabla ya hafla, siku kikao kilipoanza kwa kuuliza "tumpe nani?" kabla ya kukubaliana ni tendo gani linatunukiwa. Tutaanzia hapo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Miezi sita kamili kabla ya siku ya hafla. Chini ya minne, ahirisheni hadi mwaka ujao.
- Azimio la kikao cha tawi, lililoandikwa kwenye muhtasari, linaloanzisha tuzo na kutaja ni nani mwenye kauli ya mwisho.
- Wajumbe watano wa kamati na mmoja wa akiba.
- Fomu ya mapendekezo ya ukurasa mmoja.
- Anwani moja ya barua pepe au sanduku moja la kupokelea fomu, linaloshikwa na katibu wa kamati peke yake.
- Daftari la tuzo. Kila uamuzi huingia humo siku hiyo hiyo.
- Fedha za ngao au hati, ukumbi na nauli ya mtunukiwa, zikiwa zimetengwa na mweka hazina tangu mwanzo.
- Nakala ya sheria za nchi yenu kuhusu matumizi ya fedha za vyama na zawadi kwa watumishi wa umma.

Hilo la mwisho hurukwa sana. Nchi nyingi huzuia watumishi wa umma kupokea zawadi zinazozidi thamani fulani, na nyingine huhesabu matumizi ya chama karibu na uchaguzi kuwa gharama za kampeni. Someni mapema. Kama mna shaka, toeni hati na ngao tu, msitoe fedha.

## Hatua ya 1: Andikeni tendo, si sifa

Tengeni kikao kizima kwa kazi hii. Neno "uhuru" kila mtu analipenda, na kila mtu analijaza maana yake mwenyewe. Msipolifafanua sasa, mtaligombania siku ya kura.

Njia iliyonisaidia ni kusoma kwa sauti Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, ibara chache tu: ya 9 inayokataza kumkamata mtu kiholela, ya 17 kuhusu kumiliki mali, ya 18 kuhusu dhamiri na dini, ya 19 kuhusu maoni, na ya 20 kuhusu kukusanyika kwa amani. Kila mjumbe aseme ni ipi inagusa kazi ya tawi lenu. Baada ya saa moja mtakuwa mnazungumza juu ya mambo mnayoweza kuyashika.

Kisha andikeni sentensi moja. Mfano:

"Tuzo hii hupewa mtu ambaye, ndani ya miaka miwili iliyopita, alifanya tendo linalothibitika la kulinda au kupanua uhuru wa watu wengine, na tendo hilo lilimgharimu."

Kila kipande kina kazi yake. "Miaka miwili" huzuia tuzo isiwe ya uzee. "Linalothibitika" humlazimisha mpendekezaji alete ushahidi. "Watu wengine" humwondoa anayepigania maslahi yake mwenyewe kwa jina la uhuru. Na "lilimgharimu" ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote: huwaleta mbele watu waliopoteza muda, kazi au usingizi, ambao mara nyingi hawana jina kubwa.

Sasa fanyeni jaribio la mpinzani. Fikirieni mwanachama wa chama kinachowapinga, aliyesimama mahakamani kutetea haki yenu ya kufanya mkutano. Je, kwa maneno mliyoandika, anaweza kushinda? Kama hawezi, hiyo ni tuzo ya utii kwa chama, na ni haki iitwe hivyo. Najua jambo hili huwachoma wanachama. Lakini watu wa nje huipima tuzo ya uhuru kwa kuangalia kama iliwahi kutoka nje ya nyumba yenu.

Waliobandika mabango, waliogonga milango na waliokusanya saini nao wanastahili shukrani. Waundieni cheti chao, kitolewe siku nyingine, msije mkachanganya viwili hivi.

Amueni pia kuhusu marehemu. Tuzo ya Sakharov ya Bunge la Ulaya ilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1988 iliwaendea wawili: Nelson Mandela, aliyekuwa bado gerezani, na Anatoly Marchenko, aliyekuwa ameshafariki. Nobel ina kanuni tofauti: tangu 1974 haimpi marehemu, isipokuwa kama alifariki baada ya kutangazwa. Kanuni zote mbili zinafaa. Kisichofaa ni kuichagua kanuni baada ya kuona majina.

Hatua hii imekamilika pale mtu asiye mwanachama anaposoma sentensi yenu na kuweza kusema, bila kuwauliza, nani hastahili.

## Hatua ya 2: Undeni kamati isiyomwogopa mwenyekiti

Watano wanatosha: wawili kutoka uongozi, wawili wanachama wa kawaida, mmoja kutoka nje ya tawi mwenye heshima yake, kama mwalimu mstaafu au mwanasheria. Mwenyekiti wa tawi asiwemo. Hata awe mwadilifu kiasi gani, watu hupima maneno yao kwa kumtazama usoni.

Kila mjumbe atie saini karatasi mbili. Ya kwanza inasema kwamba hatapendekezwa mwaka huu wala unaofuata. Ya pili inaorodhesha uhusiano wake na yeyote atakayependekezwa: undugu, biashara, deni, mapenzi, ugomvi. Ugomvi usisahaulike, kwa kuwa chuki hupindisha kura kama upendo unavyoipindisha.

Mwenye uhusiano hutoka chumbani wakati jina hilo linajadiliwa, na hapigi kura mwaka huo. Kubaki na kunyamaza hakutoshi. Ndiyo sababu ya mjumbe wa akiba: anaingia mahali pake ili idadi ibaki witiri.

## Hatua ya 3: Fungueni mapendekezo kwa wiki sita

Fomu iwe na maswali sita tu:

1. Mtu huyu alifanya nini hasa? Taja tarehe na mahali.
2. Uhuru wa nani ulilindwa au kupanuka?
3. Tendo hilo lilimgharimu nini?
4. Ushahidi uko wapi: barua, hukumu, picha, gazeti, muhtasari wa kikao?
5. Taja watu wawili wanaoweza kuthibitisha, ambao si ndugu zake.
6. Wewe una uhusiano gani naye?

Ambatanisheni mfano wa jibu baya na jibu zuri. Bila mfano mtapokea mashairi ya kusifia.

Jibu baya: "Ni mpigania uhuru wa kweli, mnyenyekevu, mchapakazi na kipenzi cha watu wote."

Jibu zuri: "Kwa miezi 14 alihudhuria kila kikao cha baraza, akaandika yaliyosemwa na kuyabandika ubaoni watu wayasome. Alipozuiwa mlangoni aliandika barua tatu akinukuu kanuni za baraza lenyewe. Kikao cha mwezi uliofuata kilifunguliwa kwa wananchi. Nakala za barua nimeziambatanisha."

La pili halina hata sifa moja, lakini ukilisoma unataka kumjua mtu huyo.

Mtu asijipendekeze mwenyewe. Na majina yote yawe siri. Kamati ya Nobel huficha majina ya waliopendekezwa kwa miaka 50. Ninyi si lazima mfike huko, lakini mlinde siri hiyo kwa sababu mbili: waliokosa hawakuomba kushindanishwa, na wapo ambao kutajwa tu na kundi la kisiasa kunaweza kuwaletea shida kazini au na dola.

Angalizo: msikae kusubiri. Wanaofanya kazi hii hawajitangazi. Kila mjumbe awapigie simu watu watatu wanaoona mengi, kama mkutubi, mwandishi wa habari au wakili wa kujitolea, awaulize ni nani amesimama mahali pagumu mwaka huu. Simu hizo zimewahi kuniletea majina ambayo tangazo la jumla halikuyaleta. Fomu tano zenye ushahidi zinatosha. Mkiwa na mbili, ongezeni wiki mbili, mara moja tu, na mtangaze hadharani kwamba mmeongeza.

## Hatua ya 4: Hakikini kila dai

Hapa ndipo kamati nyingi huchoka na kuruka. Msiruke.

Kila fomu igawiwe wajumbe wawili. Kila mmoja apige simu peke yake kwa mthibitishaji mmoja, kisha walinganishe. Ulizeni maswali ya kawaida: Ulikuwepo? Uliona nini kwa macho yako? Nani mwingine alishiriki? Nini kingetokea asingefanya? Kuna mtu aliyeumizwa na jambo hilo? Swali la tatu lina thamani kubwa, kwa sababu matendo mengi ya uhuru hufanywa na watu kadhaa, na aliyepewa sifa wakati mwingine ndiye aliyebaki mbele ya kamera.

Kisha someni kauli zake za hadharani za miaka ya karibuni. Mtu anayetetea uhuru wa kundi lake na kuchochea watu wapigwe au wanyimwe haki kwa kabila, dini au jinsia yao hafai, hata tendo lake liwe kubwa.

Hata hivyo, hakuna uhakiki unaoiona kesho. Aung San Suu Kyi, mwanasiasa wa Myanmar, alipewa Tuzo ya Sakharov mwaka 1990, na mwaka 2009 shirika la haki za binadamu la Amnesty International likampa tuzo yake ya juu. Baada ya mateso ya Warohingya, jamii ya Waislamu walio wachache nchini humo, Amnesty iliiondoa tuzo hiyo mwaka 2018, na mwaka 2020 Bunge la Ulaya likamsimamisha kushiriki shughuli za jumuiya ya waliopata Sakharov. Mambo mawili ya kufanya yanatokana na hapo. Mtunuku tendo lenye tarehe, msitunuku maisha yote ya mtu. Na muandike mapema kanuni ya kufuta tuzo: nani anaweza kuomba, kura ngapi zinahitajika, na haki ya mtunukiwa kusikilizwa kwanza. Kanuni hiyo ikiandikwa katikati ya hasira huwa ni hukumu iliyovishwa nguo ya kanuni.

Mwisho wa hatua hii kila mpendekezwa awe na ukurasa mmoja: yaliyothibitika upande mmoja, yasiyothibitika upande wa pili. Kama upande wa pili ni mrefu zaidi, jina hilo lisifike kwenye kura.

## Hatua ya 5: Pigeni kura kwa mpangilio, kwa siri

Kura ya "mwenye nyingi ameshinda" huwagawa watu watano vibaya. Tumieni kura ya mpangilio. Kila mjumbe anapanga majina yote: kukiwa na watatu, wa kwanza pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1.

Tazama mfano. Wajumbe wawili wanapanga A, C, B. Wawili wengine wanapanga B, C, A. Wa tano anapanga C, A, B. Kwa kuhesabu nafasi ya kwanza peke yake, A na B wamefungana kwa mbili mbili, na kamati inaanza kuvutana. Kwa pointi, A ana 10, B ana 9 na C ana 11. C, ambaye hakuna aliyemweka mwisho, anaongoza.

Njia hii ina udhaifu wake: mjumbe mjanja anaweza kumsukuma mpinzani mwenye nguvu chini kabisa ili amwangushe. Punguzeni hilo kwa kumtaka kila mjumbe aandike, bila jina, sentensi moja ya sababu kando ya kila nafasi. Karatasi isiyo na sababu haihesabiwi.

Baada ya hesabu, pigeni kura ya pili ya ndiyo au hapana: "Je, aliyeongoza anafikia sentensi tuliyoandika?" Zikipatikana ndiyo nne kati ya tano, mmepata mtunukiwa. Zisipopatikana, hakuna tuzo mwaka huu.

Tafadhali msiogope hilo. Mwaka 1948, mwaka aliouawa Gandhi, Kamati ya Nobel haikutoa tuzo ya amani, ikisema hakukuwa na mtu hai aliyefaa. Tuzo ya Mo Ibrahim kwa uongozi barani Afrika imekosa mshindi mara kadhaa, ikiwemo 2009, 2010, 2012 na 2013. Tawi dogo linalosema "mwaka huu hapana" hujenga imani kuliko linalotafuta jina la kujaza ngao.

## Hatua ya 6: Mwulizeni kwanza, faraghani

Hii ndiyo hatua niliyoijifunza kwa uchungu. Katika kamati mojawapo niliyokuwemo tulitaka kumshtukiza mtunukiwa ukumbini. Alipoitwa jina alisimama, akashukuru, akasema hawezi kupokea, kwani mwajiri wake asingevumilia jina lake lihusishwe na chama chochote. Alitembea kutoka mbele hadi mlangoni ukumbi ukiwa kimya. Tulidhani tunamheshimu, kumbe tulimweka hatarini mbele ya watu.

Hata kamati kubwa hukutana na hili. Mwandishi Mfaransa Jean-Paul Sartre alikataa Nobel ya fasihi mwaka 1964. Alikuwa ameandika barua mapema akiomba asichaguliwe, nayo ikachelewa kufika. Le Duc Tho, mjumbe wa Vietnam Kaskazini katika mazungumzo ya amani, alikataa ya amani mwaka 1973.

Kwa hiyo watu wawili wamtembelee, au wampigie simu ikibidi, angalau wiki nane kabla ya hafla. Wamwambie wazi ni kundi gani la kisiasa linatoa, nani atakuwepo, kama kutakuwa na picha, na kwamba akikataa hakuna atakayejua. Wampe siku saba za kufikiri. Mahakimu, waandishi wa habari na watumishi wa umma mara nyingi hufungwa na kanuni za kazi zao, wakikataa, msiwabembeleze.

Ulizeni pia kuhusu usalama. Liu Xiaobo, mwandishi na mtetezi wa haki wa China, alipopewa Nobel ya amani mwaka 2010 alikuwa kifungoni, na tarehe 10 Desemba huko Oslo medali iliwekwa juu ya kiti kitupu. Kama mtunukiwa wenu anatishwa, au ana ndugu walio mahali pabaya, mwacheni yeye aamue kama jina litangazwe, lini, na picha ipi.

Msichapishe hata bango moja kabla ya kupata "ndiyo" ya maandishi. Akikataa, kamati irudi kwa aliyefuata kwa pointi na kumpigia naye kura ya ndiyo au hapana. Asipate tuzo kwa sababu tu ndiye aliyebaki.

## Hatua ya 7: Andikeni maneno ya tuzo

Maneno yasizidi 60. Yataje tendo, tarehe, watu walionufaika na gharama aliyolipa. Futeni kila "shupavu", "mahiri" na "wa kipekee". Mkiyafuta na bado maneno yanasimama, mmeandika vizuri.

Mwombeni mtunukiwa aandike jina lake kwa mkono wake kama anavyotaka lichongwe. Mchongaji alete nakala ya mfano kwenye karatasi, isomwe na watu wawili ambao hawakuiandika. Herufi moja ikikosewa kwenye shaba haifutiki.

## Hatua ya 8: Hafla

Sehemu ya tuzo isizidi dakika 45. Mshereheshaji asome sentensi ya tuzo, mmoja wa walionufaika asimulie kilichotokea kwa dakika tano, maneno ya tuzo yasomwe, mtunukiwa apokee na aseme atakalo, hata kama ni kulikosoa tawi. Msimwombe hotuba yake kabla.

Wagombea wasipande jukwaani kati ya kusomwa kwa maneno na kukabidhiwa ngao, na harambee isifanyike usiku huo. Mkiweka kikapu cha michango kando ya ngao, picha zote zitakuwa za kikapu.

## Hatua ya 9: Wiki mbili baada ya hafla

Katibu awaandikie wapendekezaji wote barua ya shukrani, bila kueleza jinsi kura zilivyokwenda. Mapendekezo mazuri ambayo hayakushinda yanaweza kurudi mwaka ujao, lakini kwa fomu mpya iliyojazwa na mpendekezaji.

Tangazeni kwa umma sentensi ya tuzo, idadi ya mapendekezo yaliyopokelewa, majina ya wanakamati na maneno ya tuzo. Hesabu ya fedha, pamoja na risiti, iende kwa mweka hazina na isomwe katika kikao cha kwanza cha tawi.

Namba za simu za wathibitishaji na maelezo ya siri ya waliopendekezwa yateketezwe mbele ya wajumbe wawili, na hilo liandikwe. Wajumbe wawili waliokaa muda mrefu zaidi watoke kamatini, wengine wawili waingie. Kisha daftari la tuzo, fomu tupu na nywila ya barua pepe vikabidhiwe kwa katibu mpya kwa saini, pamoja na tarehe ya kikao cha kuisoma upya ile sentensi ya Hatua ya 1.